Mfunguo Nne na Azma ya Mwaka Mpya

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeujaalia mwezi uandame, ukue na ufifie, ili waja wake wapate kuijua hesabu ya miaka yao. Tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, pamoja na aali zake na masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, nyinyi mliokaa mbele yetu msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani pamoja na watoto wenu. Mwezi wa Muharram umeandama na mwaka mwingine wa Hijra umefunguka. Katika vitabu mwezi huu ni wa kwanza. Lakini wazee wetu wa pwani hawakuuita wa kwanza. Waliuita Mfunguo Nne, na katika nyumba nyingi ungali unaitwa hivyo. Walianza kuhesabu tokea siku ya kufungua saumu: Shawwal ikawa Mfunguo Mosi, Dhulqaada Mfunguo Pili, Dhulhijja Mfunguo Tatu, na kuendelea mpaka Mfunguo Tisa, kisha ndipo huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani kwa majina yao. Wako wanaoiona hesabu hii kuwa ni ya kienyeji tu, isiyo na maana. Sisi tunaona ndani yake mna suali zito. Ikiwa mwezi wa kwanza wa mwaka ni wa nne tangu tulipofungua, basi zimepita siku themanini na nane au themanini na tisa tangu Idi. Katika yale tuliyoyazoea Ramadhani, ni kipi kilichobaki mkononi leo? Ramadhani safu za Alfajiri zilitoka nje ya msikiti zikafika uani. Asubuhi ya leo tulikuwa safu moja na nusu, na hiyo nusu tunaihesabu kwa ukarimu.

Kila unapoandama mwezi huu watu hutujia wakasema: Sheikh, mwaka huu nimeazimia. Mmoja ameazimia kuacha sigara, mwengine mirungi, mwengine kuswali Alfajiri kwa jamaa, mwengine kumaliza kuisoma Qur'ani, mwengine kumrudia ndugu yake waliyeteta. Tunafurahi, kwani mtu anayetaka kubadilika ni mtu ambaye moyo wake haujafa. Lakini kwa miaka tuliyokaa karibu na mimbari tumezoea kumuuliza kwanza: ile azma ya mwaka jana ilikufa siku gani, na ilikufa kwa maradhi gani? Wengi hawana jawabu, kwa sababu hawakuwahi hata kuizika. Ilipotea tu.

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametufahamisha katika Suratur-Raad, aya ya 11, kuwa habadilishi hali ya watu mpaka wao wenyewe wabadilishe yaliyomo katika nafsi zao. Aya hii husomwa sana siku kama ya leo. Tunayotaka kuyaeleza ni yale yanayokuja baada ya kuisoma, yaani kazi yenyewe hufanywa vipi.

Tuanze na mwaka wetu, ulivyoanza kuhesabiwa. Pwani hii imejua miaka mitatu. Uko mwaka wa Miladi, unaoanza Januari. Uko mwaka wa Nairuzi, waliouhesabu mabaharia na wakulima kwa makumi ya siku ili wajue pepo za kaskazi na za kusi, nao ndio unaokogwa Makunduchi kila Julai. Na uko mwaka wa Hijra, wenye siku 354 au 355, unaotangulia ule wa jua kwa siku kumi na moja hivi kila mara. Huu wa Hijra uliwekwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, yapata mwaka wa kumi na saba tangu Hijra yenyewe. Inasimuliwa kuwa Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa gavana wake Basra, alimlalamikia kuwa barua za Khalifa zinamfikia bila ya tarehe, hajui ipi imetangulia na ipi imefuata. Umar akawakusanya watu akawataka shauri. Wako waliotaja kuzaliwa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Wako waliotaja kupewa kwake utume. Wako waliotaja kufariki kwake. Umar akaichagua Hijra, kwa kuwa ndiyo iliyopambanua baina ya haki na batili.

Hapa mwanafunzi makini huuliza: Mtume alifika Madina katika Rabiul-Awwal, yaani Mfunguo Sita, mwezi Septemba 622, basi kwa nini mwaka ukaanza Muharram? Jawabu moja ni kuwa Muharram ndio mwezi ambao watu hurejea makwao baada ya Hija. Lakini Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, sawa na 1449, ameeleza katika Fat-hul-Bari jambo lililotupendeza zaidi. Baia ya pili ya Aqaba, ambayo watu wa Madina wanaume sabini na tatu na wanawake wawili walimuahidi Mtume kuwa watamlinda, ilikuwa usiku, huko Mina, katika Dhulhijja. Baia ile ndiyo iliyoifungua njia ya Hijra. Na mwezi wa kwanza kuandama baada ya baia na baada ya azma ulikuwa ni wa Muharram. Kwa hivyo, ndugu zetu, mwaka wetu haukuanzia kwenye kufika. Ulianzia kwenye kuazimia, na baina ya azma na kufika ilipita miezi miwili na zaidi ya matayarisho. Katika miezi hiyo mna elimu kubwa kwa kila mtu anayetaka kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine.

Tazameni matayarisho hayo yalivyokuwa. Sayyidna Abubakar alipoomba ruhusa ya kuhama aliambiwa angoje. Hakungoja kwa mikono mitupu. Alinunua ngamia wawili, akawalisha nyumbani majani ya mti wa samur kwa miezi minne. Siku ilipofika, Mtume alimjia wakati wa jua kali la adhuhuri, saa ambayo hakuwa na desturi ya kumjia, na Abubakar akampa mmoja wa wale ngamia. Naye akakubali kwa sharti la kulipa thamani yake. Wakamwajiri kiongozi hodari wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu lakini alikuwa mwaminifu, wakamkabidhi wanyama na kumuagizia wakutane naye pangoni baada ya siku tatu. Madina iko kaskazini mwa Makka. Wao wakatoka kwenda kusini, kwenye jabali la Thawr, ambako wanaowatafuta hawakutazamia. Abdullah, mtoto wa Abubakar, akilala nao usiku na kurudi Makka kabla ya mapambazuko, akisikiliza yasemwayo na kuwaletea habari. Amir bin Fuhayra akiwaletea mbuzi jioni wapate maziwa. Na Bibi Asma, binti wa Abubakar, alipokosa cha kufungia chakula cha safari aliupasua mkanda wake vipande viwili, akaitwa tangu siku ile Mwenye Mikanda Miwili.

Huyu ndiye Mtume wa Mwenyezi Mungu, aliyeahidiwa nusura na Mola wake, na juu ya hivyo azma yake ilikuwa na ngamia walionona, kiongozi aliyelipwa, njia iliyofikiriwa, mtu wa kuleta habari, na maziwa ya jioni. Azma zetu sisi zina nini? Mtu anatamka usiku wa mwezi mosi kuwa kuanzia kesho hatakosa Alfajiri, na usiku ule ule anakaa barazani mpaka saa sita, kisha anamlaumu shetani. Alfajiri haikupotea saa kumi na moja. Ilipotea pale barazani. Imepokewa kuwa Mtume alikuwa hapendi kulala kabla ya sala ya Isha wala mazungumzo baada yake. Anayeitaka Alfajiri naianze kwa kuondoka barazani, na amtafute jirani mmoja wapitiane mlangoni. Mwenye simu ya kumuamsha aiweke mbali na kitanda, hata ikimlazimu kuinuka kuizima. Haya ni mambo madogo, wala hayafai kuonewa haya kuyataja katika mimbari, maana na majani ya samur yalikuwa ni mambo madogo.

Tusisahau yule aliyebaki nyuma. Sayyidna Ali aliachwa Makka arudishe amana za watu zilizowekwa kwa Mtume, na wengi wa wenye amana hizo walikuwa ni wale wale waliomfanyia uadui. Hakuondoka na mali ya mtu. Wanavyuoni wametaja sharti za toba kuwa ni kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia; na kosa likigusa haki ya binadamu, sharti huwa nne, ya nne ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumuomba msamaha. Tumewaona watu wanaoanza mwaka kwa saumu na visomo, na duka la mtaani linawadai tangu Mfunguo Mosi, na muuza duka naye ana watoto. Tumemwona mtu na nduguye wa tumbo moja wakiswali msikiti mmoja, huyu mlango wa mbele na huyu mlango wa nyuma, kwa sababu ya shamba la urithi lenye minazi isiyozidi arubaini. Mtu kama huyu akituuliza aanze mwaka na nini, hatumwambii aongeze sunna. Tunamwambia atoke kwa mlango wa nyuma, amngoje nduguye.

Na tuseme kwa ufupi, kwa kuwa huulizwa kila mwaka: haikuthibiti kwa Mtume sala maalumu ya usiku wa kwanza wa Muharram. Kilichothibiti ni fadhila ya kufunga katika mwezi huu, na hasa siku ya Ashura, mwezi kumi, pamoja na mwezi tisa. Dua za kufunga mwaka na kufungua mwaka zinazosomwa katika baadhi ya misikiti yetu zimetungwa na watu wema. Anayezisoma asizifanye kuwa ni sunna iliyopokewa, na asiyezisoma asimgombeze mwenzake. Tuendelee.

Maradhi yanayoua azma nyingi kuliko yote si uvivu, kama watu wadhanivyo. Ni kuzidisha. Hayo tuliyaonja wenyewe. Tulipokuwa vijana chuoni tuliapizana, sisi na wenzetu wanne, kuwa tutasimama usiku kila siku, rakaa kumi na moja kwa juzuu nzima. Usiku wa kwanza tulilia. Usiku wa tano tulikuwa tunasinzia tukiwa tumesimama. Usiku wa tisa tulilala sote watano, mpaka mwalimu wetu akaja kutuamsha na jua limekwisha chomoza, na Alfajiri yenyewe ya faradhi imetupita. Hakutupiga. Alituuliza tu kama tumeisoma habari ya Abdullah bin Amr, tukanyamaza, maana tulikuwa tumeisoma mwezi ule ule.

Habari yenyewe ni hii. Abdullah bin Amr bin al-As alikuwa kijana mwenye ibada nyingi. Alikuwa akifunga kila siku na kuikhitimu Qur'ani kila usiku. Baba yake alimuoza mwanamke wa Kikureshi, na mzee alipokwenda kumuuliza mkwewe hali ya mumewe, yule bibi alimsifu kwa maneno ya adabu ambayo ndani yake mlikuwa na malalamiko: mume hakuwahi kukikaribia kitanda. Habari ikamfikia Mtume, akamwita. Akamkumbusha kuwa mwili una haki yake, na jicho, na mke, na mgeni. Akamwambia inatosha kufunga siku tatu kila mwezi. Abdullah akasema ana nguvu zaidi ya hapo. Akaongezewa, akasema ana nguvu zaidi, mpaka akafikishwa kwenye saumu ya Nabii Daud, siku moja kufunga na siku moja kula, na akaambiwa hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Na katika Qur'ani akaambiwa aimalize kwa mwezi, naye akaomba zaidi, mpaka ikafika siku saba.

Miaka ikapita, Abdullah akazeeka na nguvu zikapungua. Hapo akawa akisema kuwa anatamani lau angeikubali ile ruhusa ya Mtume. Alikuwa mchana akimsomea mtu wa nyumbani kwake sehemu ya saba atakayoisoma usiku, ili ipate kumwia nyepesi. Na akitaka kujipa nguvu alikula siku kadhaa mfululizo, akizihesabu, kisha akafunga idadi ile ile, kwa kuchukia kuacha jambo ambalo Mtume alimwacha nalo. Yamo mambo mawili hapa. Kijana alipima azma yake kwa nguvu za ujana, na mzee akailipa. Na mzee huyo, ingawa ilimwelemea, hakuitupa. Aliitafutia njia ya kuibeba. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, amepokea kutoka kwa Mtume kuwa amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ni chache.

Chukueni mfano wa Qur'ani, kwa kuwa wanafunzi wengi huazimia kuikhitimu. Msahafu unaochapwa Madina, ambao sasa umo katika nyumba nyingi, una kurasa 604. Anayeazimia juzuu moja kila siku amejipangia kurasa ishirini, na tunajua wengi wao huishia Suratul-Baqara. Anayesoma kurasa mbili, moja baada ya Alfajiri na moja baada ya Magharibi, atamaliza kwa siku 302. Mwaka wetu una siku 354. Zinambakia siku hamsini na mbili za kuugua, kusafiri, kuzaa, kufiwa na kusahau, na bado atakuwa amekhitimu kabla ya Muharram nyingine. Tunawaomba kina mama wenye watoto wachanga waitazame hesabu hii kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wao ndio wanaoambiwa mara kwa mara kuwa hawana wakati wa kusoma, nao huamini.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuiandike khutba hii. Wako wanaume ambao azma ikiwaponyoka mara mbili tatu hutafuta kamba ya kuifungia, na kamba wanayoiona karibu ni kiapo. Kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu ni jambo zito. Anayeapa kisha akavunja, kafara yake imetajwa katika Suratul-Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Lakini wako wasioridhika na hilo, wakaapia talaka.

Alitujia mtu mmoja, baada ya Isha, mwezi nne Muharram. Tunaisimulia habari yake kwa idhini yake, bila ya kumtaja. Usiku wa mwaka mpya, mbele ya mkewe na mama mkwe, alisema kwamba akivuta tena sigara mkewe ameachika talaka moja. Alikusudia kujitisha nafsi yake. Mke hakuwa na kosa lolote. Siku ya nne alikuwa matangani, mwenzake akamnyooshea sigara kama ilivyo desturi yao, akaipokea. Hakusahau. Alikumbuka baada ya pumzi ya kwanza, akaendelea mpaka ya mwisho, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, lililokwisha haribika limeharibika. Alipokuja kwetu alikuwa na suali moja tu: mke wangu ni mke wangu?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, na hiyo ndiyo kauli ya wanavyuoni wengi wa madhehebu manne, talaka iliyofungamanishwa na sharti huanguka sharti likipatikana. Wako waliosema vingine, naye Ibn Taymiyya ni mashuhuri kwa hilo, kwamba mtu akikusudia kujizuia tu na wala si kuacha mke, basi ni kiapo chenye kafara. Mtu wa namna hii asijichagulie mwenyewe kauli inayompendeza. Aende kwa kadhi. Yeye kadhi alimhukumia kuwa talaka imeanguka, nayo ni talaka rejea, anaweza kumrejea mkewe maadamu eda haijaisha, yaani tohara tatu kwa mwanamke anayeona damu yake. Alimrejea siku ile ile, mbele ya mashahidi. Lakini miaka mingi nyuma, katika ghadhabu za ujana, alikwisha kutoa talaka moja. Hii ilikuwa ya pili. Kwa hivyo ndoa ya miaka kumi na tisa, yenye watoto watano, leo imebakiwa na talaka moja tu, na iliyochoma ile nyingine ni sigara ya matangani.

Tunamwomba kila mwenye mke anayetusikia saa hii: azma yako ni yako. Usiiweke rehani kwa shingo ya mwengine. Na wewe bibi, ukimsikia mumeo anaanza kutamka maneno hayo, hata kwa mzaha na hata kwa nia njema, mzuie kabla hajamaliza.

Mtu yule baadaye aliiacha sigara, ila si kwa kiapo. Tulimsomea aliyoyaandika Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111, katika Ihyau Ulumid-Din. Imamu anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Mfanyabiashara mwenye akili humwekea mshirika wake sharti asubuhi, humwangalia mchana, na jioni hukaa naye wakafanya hesabu. Akimwona amekula mtaji humtoza, kisha humtia bidii na kumlaumu. Watu wa pwani, mliolelewa katika maduka, mnaifahamu hesabu hii kuliko wengi. Hapana mwenye duka anayefunga hesabu mara moja kwa mwaka na kila siku akaacha droo wazi. Nasi hatuoni vipi mtu aifanyie roho yake lile asiloweza kulifanyia duka la chumvi na sukari. Basi bwana huyu alikuwa kila usiku kabla ya kulala akimwambia mkewe sigara ngapi amevuta, bila ya kuficha. Mke hakuwa akimgombeza. Fedha zilizobaki akizitia katika kibubu. Siku aliyozidisha alitoa sadaka thamani ya pakiti nzima. Adhabu ya namna hiyo inafaa, kwa kuwa inamfikia masikini, na Imamu Ghazali mwenyewe amesimulia kuwa Sayyidna Umar alipokosa Alasiri ya jamaa alitoa sadaka ardhi yenye thamani ya dirhamu laki mbili. Kujitesa mwili hakutakiwi. Aliacha baraza ya wavutao, ambalo anasema lilikuwa zito kuliko tumbaku yenyewe, kwa kuwa wale ni marafiki zake tangu madrasa. Aliteleza mara mbili, Rajabu na tena Mfunguo Pili. Hakusema limeharibika. Alihesabu jioni, akalipa, asubuhi akaanza.

Huko kwenda kwa daraja ndiko Mola wetu alikowalea kwako masahaba. Pombe haikuharimishwa siku moja. Kwanza ilidokezwa katika Suratun-Nahl, kisha katika Suratul-Baqara ikaelezwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha katika Suratun-Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, na mwisho ikaharimishwa moja kwa moja katika Suratul-Maida. Bibi Aisha amesema kuwa lau la kwanza kuteremka lingekuwa ni katazo la pombe, watu wangesema hawataiacha kamwe. Ilipokuja amri ya mwisho, Anas bin Malik alikuwa akiwapa watu kinywaji nyumbani kwa Abu Talha. Mpiga mbiu akapita, na Abu Talha akamwamrisha aimwage, ikatiririka katika njia za Madina. Lakini asije mtu akaichukua hoja hii na kusema naye anaacha haramu kwa daraja, kidogo kidogo, kwa miaka. Sheria imekwisha kamilika, na kuacha haramu ni wajibu wa leo. Daraja ni katika kuifunza nafsi, katika kuongeza heri, na katika kutomkatia tamaa anayeanguka huku anajaribu.

Na anayeogopa kuwa umri hautamfikisha, tunamkumbusha mzee mmoja wa Makka. Wenzake walikwisha kuhama, naye alikuwa mgonjwa. Aliposikia kuwa hakuna udhuru kwa anayeweza kutoka, aliwaamrisha watoto wake wambebe wamtoe, kwani alijiona kuwa bado ana mali na ana hila ya kufika. Wakambeba juu ya kitanda kuelekea Madina. Alifika Tan'im, mahali palipo nje kidogo tu ya Makka, ambapo mahujaji wetu leo huenda kuhirimia umra kwa gari kwa muda mfupi, na hapo akafariki. Wako waliosema lau angefika ujira wake ungetimia. Ikateremka aya ya 100 ya Suratun-Nisaa, kuwa atokaye nyumbani kwake akihama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, kisha mauti yakamkuta njiani, ujira wake umekwisha thibiti kwa Mwenyezi Mungu.

Wabillahi taufiki. Simameni tuswali.